Buti za Namba Nane

Nyapara Gathogo aliitoa amri hiyo Jumatatu asubuhi, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yanachuruzika kutoka kwenye mabomba yaliyorundikwa kando ya barabara ya Saboti. Alipanda juu ya kifusi ili hata wa nyuma wamwone, akatangaza kwamba kuanzia Alhamisi hakuna mtu atakayeingia kwenye mtaro bila buti za ngozi zenye chuma mbele. Gambuti za mpira hazitakiwi. Akala za tairi asizione hata kwa mbali. Ijumaa iliyopita kijana mmoja alijipiga sururu kwenye gambuti, vidole viwili vikabaki ndani ya mpira, na mkandarasi alikuwa amechoka kuandika barua.

"Kwani kampuni itatununulia?" mtu mmoja akauliza.

"Kampuni imekupatia kazi," Gathogo akajibu. "Miguu ulikuja nayo wewe."

Watu wakacheka, kwa sababu nyapara akitoa mzaha ni lazima kuwe na wa kucheka. Wangila alicheka pamoja nao. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mkubwa kuliko wachimbaji wote wa genge lile, na alikuwa amejifunza kutokuwa wa mwisho katika jambo lolote, hata kicheko. Gathogo alingoja kicheko kiishe, kisha akaongeza habari iliyowanyamazisha. Mtaro ule ukifika kwenye tangi, kampuni itahamia eneo la Kwanza kwa kazi ya mwaka mzima. Watu kumi na wawili tu ndio watakaochukuliwa. Majina atayasoma yeye mwenyewe siku ikifika.

Jioni ile Wangila alirudi Matisi, kwenye vyumba viwili alivyopanga pale Kitale, akamwambia mkewe Nasambu habari ya buti kabla hajamwambia habari ya Kwanza.

*

Jumatano mchana Nasambu alimwachia jirani meza yake ya mboga, sukuma na saga, wakaenda sokoni pamoja. Walimkuta Rosaline pale anapokaa siku zote, nyuma ya wauza vitunguu, buti zimening'inia juu ya kichwa chake kwenye waya kama samaki wa kukaushwa. Rosaline alikuwa mama mnene wa miaka sitini hivi. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba upande wa Kwanza, na yeye alikuwa ameuza viatu vya mitumba katika soko hilo kwa miaka kumi na tisa.

"Ni ya kazi gani, mzee?" akauliza.

"Kuchimba mtaro."

"Unasimama kwa maji ama kwa mchanga?"

"Yote."

Rosaline akaangua buti za kahawia, nzito, zenye kovu refu puani. Alikunja soli mpaka ikalia, akagonga ncha kwa kipande cha chuma, kisha akaingiza mkono ndani mpaka kifundoni, akauzungusha polepole kama mkunga.

"Hii haina urembo," alisema. "Lakini ona, soli imeshonwa, haijapakwa gundi tu. Ndani hakuna msumari. Mbele ni pana, vidole vinapumua. Namba tisa. Vaa zote mbili, usivae moja. Simama, tembea mpaka kwa yule wa vitunguu, urudi."

Wangila alitembea akarudi, macho yake yakitazama chini muda wote.

"Kubwa hii. Naelea."

"Hauelei, baba. Kidole changu kinaingia hapa nyuma, na ndivyo inatakiwa."

"Ile nyeusi je?"

"Ile ni nane. Wewe ni tisa kamili, na jioni mguu ukivimba hata tisa inaanza kulalamika."

"Si unipatie tu nijaribu."

Aliusukuma mguu ndani kwa nguvu za magoti na mikono. Ukaingia. Akavaa na wa pili, akasimama, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata kitu kilichompotea.

"Hizi," alisema. "Hizi ndizo nasikia zimenishika."

Alikuwa anasema kweli. Miguu yake ilikuwa imenyamaza tangu mwaka uliopita. Ilianza na vidole, ikapanda mpaka kwenye kisigino, kimya kikiongezeka mwezi kwa mwezi, na hakumwambia mtu yeyote. Ndani ya kiatu kipana hakujua kiatu kinaishia wapi na ardhi inaanzia wapi. Kuna siku alitembea hatua ishirini kabla ya kugundua kwamba ndala moja imebaki nyuma. Namba nane zilimpa kitu, mkazo wa mbali, kama mtu anayemshika juu ya blanketi. Mkazo huo aliuita raha.

"Baba Jentrix, zinakubana," Nasambu akasema. "Angalia ngozi ilivyotuna hapa kando."

"Mguu ni wa nani?"

Alipozivua, Rosaline alikuwa bado amechuchumaa mbele yake. Alichukua kalamu aliyokuwa ameichomeka kwenye kilemba, akamchoma nayo wayo. Hakumchoma kwa utani. Wangila alikuwa akizitazama zile buti nyeusi, akiuliza kama kamba zake ni mpya. Rosaline akachoma tena, zaidi. Wangila aliendelea kuuliza habari ya kamba.

"Mzee," Rosaline alisema polepole, "umewahi kupimwa sukari?"

Wauza vitunguu waligeuka. Wangila alihisi macho yao usoni, mahali ambapo bado alihisi kila kitu.

"Mimi nimekuja soko. Sijakuja kliniki."

"Nakuuliza tu kwa uzuri. Ile nyeusi ni elfu moja mia tatu. Hii ya kahawia nitakupa mia nane. Mia nane, baba, na najua nikienda nyumbani nitajilaumu."

Wangila akahesabu elfu moja mia tatu, akampa.

Rosaline alimvuta Nasambu pembeni akijifanya anamtafutia mfuko wa karatasi. "Mama, bwana yangu alianza hivi hivi. Kila jioni tia mkono ndani ya hiyo buti. Na umwangalie nyayo, hata akikutusi."

Nasambu aliitikia. Lakini njiani alijiuliza mwanamke anaanzaje kukagua nyayo za mtu mzima aliyetahiriwa, mume wake, bila kumgeuza mtoto. Jioni ile hakuanza. Wala iliyofuata.

*

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, binti yao Jentrix alikuwa amekaa sakafuni akifanya hesabu za kidato cha pili, jiko la makaa likiwa katikati ya chumba. Wangila alikuwa amevua buti, amekaa kwenye kigoda, anasikiliza taarifa ya habari. Jentrix alinusa kitu. Alifikiri ni nywele, au kipande cha nailoni kimeangukia makaa. Akainua kichwa.

"Papa! Mguu!"

Kaa moja lilikuwa limeruka jikoni, na Wangila alikuwa amelikanyaga kwa upande wa wayo, ametulia juu yake, redio mkononi. Alitazama chini bila haraka, kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wa jirani yuko kwenye mahindi. Ndipo akainua mguu. Kaa lilibaki limeganda kwenye ngozi kwa muda kabla ya kuanguka.

"Ngozi ya mkulima hiyo," alisema, akacheka. "Nyinyi watoto wa mjini mnavaa soksi mpaka kitandani."

Jentrix alimtazama mama yake. Nasambu alikuwa anapakua ugali, na mwiko ulikuwa umesimama hewani. Hakuna aliyecheka isipokuwa Wangila, na yeye alicheka muda mrefu kuliko kawaida.

*

Wiki tatu mtaro uliendelea kupanda kuelekea kwenye tangi. Wangila alichimba kama mtu anayefukuzwa. Alifika wa kwanza na kutoka wa mwisho. Siku moja mkandarasi mwenyewe alikuja na gari jeupe, na Gathogo, akitaka kuonyesha kwamba amri yake imeshika, akamwita Wangila atoke mtaroni asimame mbele ya wenzake.

"Mwangalieni huyu mzee," alisema. "Buti imefungwa mpaka juu, haijalegea, imemkaa kama ya askari. Nyinyi vijana mmevaa mitumba inapiga makofi. Mtu akijua kuchagua buti, anajua kazi."

Wangila alisimama wima. Ndani ya buti ya kulia soksi ilikuwa imelowa, naye alikuwa amejiambia ni jasho. Alijua si jasho. Asubuhi alikuwa ameifua mwenyewe nyuma ya choo kabla Nasambu hajaamka, na maji yalikuwa yametoka rangi ya chai.

Mchana wa siku hiyo, walipokaa kula, Kiplimo aliacha kutafuna. Kiplimo alikuwa kijana wa Saboti ambaye kwa kawaida alikaa ubavuni mwa Wangila na kumgawia maziwa yake ya mursik.

"Kuna kitu imekufa hapa," alisema. "Hamsikii? Panya ama nini."

Wengine wakanusa. Mmoja akatema. Wakasimama, wakachukua sepetu, wakaanza kupindua mawe na kuchungulia chini ya mbao za kuzuia udongo. Wangila aliinuka pia. Alipindua mawe pamoja nao, akachungulia chini ya mbao, akasema labda yuko ndani ya bomba. Alimtafuta panya kwa bidii kuliko wote. Walipokosa, walihamisha chakula chao juu, upande upepo unakotoka, na Wangila alibaki palepale akisema kwamba yeye ameshiba.

*

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Wangila alikuwa amelala kitandani na soksi miguuni, akisema ana baridi, ingawa jua lilikuwa limewaka kwenye mabati. Nasambu alizitoa buti nje azianike. Alikuwa na kitambaa mkononi. Alikaa kwenye jiwe, akaitazama buti ya kulia, na bila kujiamulia akaingiza mkono.

Ndani mlikuwa na unyevu wa moto. Vidole vyake vilifika mbele, penye chuma, vikarudi nyuma, na katikati vikakutana na kitu chenye ncha. Aliutoa mkono haraka. Haukuwa na jeraha, lakini ulikuwa umepakwa usaha na damu nyeusi, na harufu ilimfanya ageuze uso. Alipindua buti. Msumari wa kugongea mbao, ule mrefu, ulikuwa umepenya soli kutoka chini, kichwa chake kimesagika mpaka kikang'aa. Kilichong'aa hivyo kilikuwa kimekanyagiwa chini kwa siku nyingi.

Aliingia ndani, akafunga mlango, akamwambia Jentrix aweke maji ya vuguvugu kwenye beseni.

"Vua soksi."

"Niache nilale."

"Baba Jentrix, vua soksi."

"Mwanamke hakagui mume wake kama daktari wa nyama!"

Nasambu alipiga magoti sakafuni, akamshika kifundo, na Wangila, ambaye angeweza kumsukuma kwa mkono mmoja, hakumsukuma. Soksi ilikuwa imeshikana na mguu. Waliiloweka mpaka ikaachia. Chini ya kidole gumba mlikuwa na tundu ambalo shilingi ingelala ndani yake bila kugusa kingo, na ndani kabisa palionekana kitu cheupe. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Jentrix alitoka nje. Walimsikia akitapika kwenye mtaro wa maji machafu.

"Inauma?" Nasambu akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana."

"Tangu lini hausikii?"

Wangila alitazama dari. "Tangu mwaka jana. Ni kama nimevaa soksi ambayo siwezi kuivua. Kliniki waliniambia ni sukari, wakanipa vidonge. Vilipoisha nikaona niko sawa, si nilikuwa nafanya kazi?"

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Gathogo akijua mtu ana sukari, anamtoa siku hiyo hiyo."

"Kesho tunaenda hospitali."

"Kesho anasoma majina ya Kwanza. Nikikosa kesho, nimekosa mwaka mzima. Jumanne nitaenda. Naapa mbele ya Mungu, mbele ya Wele, Jumanne."

"Na mguu?"

"Nimekuambia mguu hauumi."

"Ndiyo maana naogopa," Nasambu alisema.

*

Asubuhi Nasambu aliamka akakuta mumewe ameshaondoka. Alikuwa ameuvuta msumari kwa koleo na kuziba tundu la soli kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nasambu alijifunga leso akamfuata kwa miguu, kilomita sita, na njia nzima alibishana naye kichwani na kushindwa.

Alipofika, Gathogo alikuwa amefikia jina la tisa. Watu walikuwa wamesimama nusu duara. Kila aliyeitwa alivuka kwenda upande wa pili wa mtaro, kwa wenye bahati.

"Wangila Barasa."

Nasambu alimwona mumewe akivuka ubao, kifua mbele. Hakuwa amemwona hivyo kwa miaka mingi. Angeweza kugeuka akarudi. Watu wote walikuwa wamempa mgongo, na hakuna ambaye angejua kwamba alifika.

"Nyapara," alisema. "Huyu mtu ni mgonjwa."

Vichwa vikageuka. Gathogo akashusha karatasi. "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wake. Mguu wake umeoza. Ana sukari. Usimpeleke Kwanza."

"Huyu mwanamke tumegombana nyumbani," Wangila akasema upesi. "Msimsikilize. Tuendelee."

Gathogo alimtazama Wangila, kisha akazitazama buti zake.

"Vua, mzee."

"Bwana Gathogo..."

"Vua. Mimi sitaki kupeleka maiti Kwanza halafu niulizwe."

Wangila alikaa kwenye udongo. Kamba zilikataa kufunguka, na hakuna aliyemsaidia. Buti ilipotoka, waliosimama karibu walirudi nyuma wote pamoja, kama wamepangwa. Mtu mmoja alisema, "Kumbe panya ni hii." Hakuna aliyecheka safari hiyo. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Gathogo alichukua kalamu, akapiga mstari. "Kiplimo Chemwok," akaita. Kiplimo, ambaye jina lake halikuwamo, alisimama kidogo kama hakusikia. Kisha akavuka ubao, akapita alipokaa Wangila, macho yake yakiwa kwenye mlima.

Nyapara hakuwa mtu katili. Alitoa noti ya mia mbili mfukoni mwake mwenyewe, akamwekea Nasambu mkononi. "Mpeleke hospitali leo, mama. Si kesho." Nasambu akaipokea, kwa sababu nyumbani hapakuwa na nauli.

Wangila aliiona noti ikipita. Alivaa buti yake tena, akaifunga mpaka juu, na walipofika barabarani ndipo akaongea.

"Umeniuza mia mbili."

"Twende hospitali, Baba Jentrix. Utanitusi tukiwa njiani."

"Mimi naenda kwetu. Wewe rudi kwa bei yako."

Gari la mahindi lililokuwa likishuka kuelekea Webuye lilipunguza mwendo pale penye matope. Wangila alidandia nyuma. Nasambu alikimbia nyuma yake hatua chache, ameshika ile noti, akiita, mpaka gari lilipopata lami.

*

Ndugu mkubwa wa Wangila, Makokha, aliishi Bokoli kwenye boma la baba yao. Makokha alimpenda mdogo wake, naye alimpokea bila maswali, akamtandikia kwenye nyumba yake mwenyewe. Nasambu alipofika Jumatano, Makokha alimzuia langoni.

"Mulamwa, shemeji yangu, amesema hataki kukuona. Mwache apoe. Mtu akivuliwa nguo mbele ya watu, hapoi siku mbili."

"Shemeji, mpelekeni Bungoma. Huo mguu unamla."

"Tunamtibu. Kuna mama hapa anajua majani. Hata mwenyewe anasema anapata nafuu."

Majani yalichemshwa kwenye sufuria kubwa na Wangila aliambiwa atumbukize mguu maji yakiwa moto kadiri anavyoweza kuvumilia. Makokha alimuuliza kama yanatosha. Wangila alisema ni ya baridi, waongeze. Wakaongeza. Akasema bado. Walipoutoa mguu, ngozi ilibaki kwenye maji, ikielea pamoja na majani, na Makokha alitoka nje akasimama muda mrefu akiwa ameshika ukuta.

Jumamosi simu ya muuza duka wa Matisi ililia, na mtoto akatumwa kumwita Nasambu. Ilikuwa sauti ya Makokha, kutoka kwenye kibanda cha simu ya jamii.

"Mulamwa, kuja Bungoma. Tuko njiani. Tangu alfajiri anaongea na watu ambao hawako. Anaongea na baba."

*

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwembamba anayeitwa Jerono. Aliwapokea kwenye korido, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama, akawaonyesha mguu wa Wangila. Chini ya goti kidogo palikuwa na mstari wa kalamu, na juu ya mstari huo palikuwa na mwingine.

"Huu nimechora saa nne," alisema. "Huu nimechora sasa hivi, saa saba. Uvimbe unapanda. Tukikata leo, juu ya goti, ana nafasi. Tukingoja kesho, sina cha kukata."

Alikuwa na fomu. Mgonjwa mwenyewe hakuweza kusema jina lake, ilibidi mtu wa karibu atie sahihi.

"Mimi ndiye mkubwa wake," Makokha akasema. "Sitakubali. Ndugu yangu alizaliwa mzima, alitahiriwa akiwa amesimama kwa miguu miwili, na atazikwa na yote miwili. Mpeni dawa."

"Mzee, dawa ameshapewa."

"Basi mpeni ingine."

Jerono akamgeukia Nasambu. Wangila, juu ya machela, alikuwa akimwambia mtu asiyeonekana kwamba jina lake limesomwa, kwamba yeye ni wa tisa, wasianze bila yeye.

Nasambu alifikiria siku ambayo mumewe angefungua macho na kuuliza ni nani aliyetia sahihi. Alijua atauliza. Alijua pia kwamba hakuna jibu litakalopunguza kitu, kwa sababu ingekuwa mara ya pili, baada ya ile ya mtaroni. Alichukua kalamu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, na aliandika jina lake lote, herufi moja moja, bila kuruka.

"Akiamka," Makokha alisema, "utamwambia wewe. Mimi simo."

Lakini jioni ilipofika na wauguzi wakauliza mguu apewe nani, ni Makokha aliyeinuka. Waliufunga kwenye nailoni na katoni ya sabuni. Aliubeba mwenyewe mpaka Bokoli, na kwenye boma alichimba peke yake, akauzika upande wa kaburi la baba yao, akalia mpaka majirani wakafikiri Wangila amekufa, wakaanza kuja na viti.

*

Wangila hakufa. Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya nne alishusha mkono chini ya blanketi, akaupeleka mpaka pale ulipokosa cha kugusa, akaurudisha. Hakuuliza ni nani aliyetia sahihi. Alimtazama Nasambu mara moja, akageuza uso ukutani.

Siku tisa hakumwambia neno. Nasambu alilala kwa binamu yake aliyeishi Kanduyi, na kila asubuhi alikuja na uji, akamsafisha, akambadilisha shuka, akasikiliza Jerono akimwambia kwamba mguu uliobaki nao haukuwa na uhakika, kwamba miguu ya watu wa sukari hufuatana kama ndugu. Wangila alikula alichopewa. Akiongeleshwa na wauguzi alijibu. Akiongeleshwa na mkewe, macho yake yalifuata nyufa za ukuta. Wagonjwa wengine waliona, na wanawake waliokuja kuuguza waume zao wakaanza kumsalimia Nasambu kwa upole unaoumiza kuliko matusi.

Siku ya kumi ya ukimya huo, mchana, waliletewa mgonjwa mpya kwenye kitanda cha pili. Alikuwa mkata miwa, kijana bado, labda miaka thelathini na tano, bega pana, ameingia akitembea mwenyewe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa taulo. Mkewe, Nabwile, alikuwa na ujauzito mkubwa na alibeba mfuko wa nguo.

"Si nilikuambia turudi," yule mkata miwa alikuwa akisema. "Ona foleni yote hiyo. Mtu akijikata kidogo na panga, hiyo ni hospitali?"

"Imekaa wiki mbili, Baba Sarah. Haifungi."

"Itafunga. Haiumi hata kidogo. Ni wewe unapenda maneno." Alikuwa ameshakaa kitandani, na sasa alianza kuinuka tena. "Daktari akija mwambie tumeenda, tutarudi siku ya soko."

Nabwile aliokota mfuko wake.

Wangila aligeuza kichwa kutoka ukutani. Ilimchukua muda, kwa sababu shingo ilikuwa imezoea upande mmoja.

"Mama," alisema. Sauti ilikuwa imekauka, ilimbidi aanze tena. "Mama. Akikuambia haiumi, usimwamini."

Nabwile akasimama. Mumewe alimtazama yule mzee, kisha akalitazama blanketi, pale lilipoinuka upande mmoja na kulala upande wa pili. Akacheka.

"Pole, mzee. Lakini mimi si wewe. Mimi niko na nguvu."

"Mchome wayo," Wangila akamwambia Nabwile, bila kumjali. "Mchome na kitu, uone kama atashtuka. Akinyamaza, umwitie watu. Hata akisema umemwaibisha. Hata akikutusi mbele ya wadi nzima." Akamgeukia mkewe. "Nasambu."

Nasambu alikuwa na bakuli la uji mkononi. Hakukumbuka mara ya mwisho mumewe alipomwita kwa jina.

"Nasambu, nenda umwite Jerono. Haraka, kabla huyu hajatoka."

Aliweka bakuli sakafuni. Yule mkata miwa alikuwa tayari amefika mlangoni, na Nasambu alipita ubavuni mwake akakimbia kwenye korido, akiita jina la daktari, huku nyuma yake akimsikia yule kijana bado anacheka, na taulo lililofunga mguu wake likiburuta sakafuni kwa kila hatua.